Intavyu Sita, Kazi Sufuri: Msee wa Isiolo Atabakije na Moyo?

Saa kumi na moja asubuhi, stendi ya Isiolo imeshaamka. Makanga wa mat za Meru na Nanyuki wanaita watu, mama wa chai anafungua chupa ya kwanza, nduthi zinazunguka zikitafuta abiria. Katikati ya hiyo kelele kuna msee mmoja utamjua tu. Shati nyeupe imepigwa pasi, viatu amevifunika na karatasi visishike vumbi, bahasha ya kaki iko kwapani. Hata hauhitaji kumuuliza. Huyo anaenda intavyu.

Mimi nimekuwa huyo msee mara sita ndani ya miezi kumi na minne. Mbili zilikuwa hapa Isiolo, mbili Meru, moja Nanyuki, moja Nairobi. Kazi nilizopata ni sufuri. Na si kukataliwa ndiko kulikoniuma zaidi. Kuna ofisi moja walinikalisha kwa benchi tangu saa mbili, wakaniita saa nane, wakanibongesha kwa dakika saba. Swali la kwanza lilikuwa, "Wewe ni wa wapi?" Nikasema Isiolo. "Isiolo wapi? Baba yako ni nani?" Mwingine kwenye paneli alikuwa anacheki simu. Cheti changu hawakufungua.

Nilipofika keja mathe aliuliza, "Ilikuwaje, baba?" Nikamwambia ilienda poa. Nilidanganya, kwa sababu nauli ilikuwa imetoka kwa mbuzi wake.

Sasa, ukipitia hii kitu watu watakutumia ujumbe wa kukutia moyo. Usikate tamaa. Wakati wako unakuja. Jiamini. Wanamaanisha vizuri, sitaki kuwachekelea. Lakini maneno matamu yanaisha nguvu kufikia Jumatatu. Moyo unaodumu unatokana na kusoma mchezo venye ulivyo: sehemu gani ni makosa yako, sehemu gani si yako, na gani unaweza kuisukuma. Wacha tuisome pamoja.

Hesabu kwanza, machozi baadaye

Shirika la takwimu la taifa, KNBS, lilisema uchumi wa Kenya ulitengeneza kazi mpya 782,300 mwaka 2024. Ukiachia hapo inasikika tamu. Lakini kati ya hizo, 703,700 zilikuwa za juakali: vibanda, nduthi, mjengo, salon, kuuza mitumba. Zilizobaki, zile za barua ya ajira na payslipu, hazifiki 80,000. Hizo ni za nchi nzima, kutoka Mombasa hadi Turkana, na kila mwaka vyuo vinamwaga mbogi mpya ya wenye vyeti.

Leta hiyo hesabu hapa kwetu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 kaunti ya Isiolo. Viwanda vya kuandika watu ni vya kutafuta na tochi. Mwenye vyeti anaangalia serikali ya kaunti, serikali kuu, jeshi, mashirika ya misaada, mabenki na shule. Basi. Kwa hivyo nafasi tatu zikitangazwa, watu wa Bula Pesa, Kulamawe, Kambi Garba, Merti na Garba Tulla wote wanatuma.

Chukua mfano wa kawaida: watu 200 wametuma maombi ya nafasi tatu. Hata kama paneli ni ya malaika watupu, 197 watarudi nyumbani bure. Kati ya hao 197 kuna wengi wangeweza kuifanya hiyo kazi vizuri kabisa. Kukosa hakumaanishi ulipimwa ukaonekana mjinga. Mara nyingi kunamaanisha viti vilikuwa vitatu. Hii nilipaswa kuambiwa kabla ya intavyu ya kwanza, si baada ya ya sita.

Tuliahidiwa, na hiyo ndiyo inauma

Kuna sababu msee wa Isiolo anaumia kivyake. Sisi tulikua tukiambiwa hii town itakuwa moto. Machi 2012 mradi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu, na Isiolo ikawa pale katikati ya ramani: barabara, reli, bomba la mafuta, uwanja wa ndege, hadi jiji la kitalii. Tuliokuwa shule tuliambiwa tusome kwa bidii kwa sababu kazi zinakuja kutupata nyumbani.

Si kwamba hakuna kilichofika. Lami ya kwenda Moyale iko, na safari iliyokuwa ya siku mbili kwa lori la ng'ombe sasa ni ya siku moja. Uwanja wa ndege uko. Barabara ya kwenda Mandera, zaidi ya kilomita 700, inajengwa. Lakini jiji la kitalii bado liko kwa karatasi, na reli hatujaona.

Barabara inaleta kazi ya mjengo, na mjengo unasonga na barabara. Kambi ikihamia mbele, kibarua kinahama nayo. Ofisi tulizochorewa hazikuja kwa idadi tuliyoahidiwa. Kwa hivyo ukikaa keja ukijiuliza "mbona mimi nimekwama," kumbuka haujakwama peke yako. Ulijiandaa kwa soko ambalo halijafunguliwa bado.

Kujuana: iko, lakini usiimeze nzima

Tusidanganyane, kujuana iko. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa matokeo ya kukagua vyeti vya wafanyakazi wa serikali, na vyeti feki 2,067 vikapatikana. Fikiria hiyo vizuri. Hivyo ni viti vilivyokaliwa na watu wenye karatasi za River Road, huku wenye vyeti halali wakikanyaga lami. Na mwaka 2016, tume ya uwiano, NCIC, ilipokagua kaunti zote 47, iligundua zaidi ya nusu zilikuwa zimevunja sheria ya kuchanganya makabila kazini.

Hiyo sheria ijue, manake hapa Isiolo inatuhusu sana. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazini ziende kwa watu wasiotoka kabila kubwa la hiyo kaunti. Isiolo ni ya Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali, Wameru na wengine. Kila uajiri ukitoka, kila upande unahesabu majina ya ukoo. Nimeona mabeshte wa darasa moja wakiacha kusalimiana kwa sababu ya orodha ya kazi kumi.

Lakini hapa ndipo ningependa tuwe makini, mtu wangu. Ukiamini kwamba kila kazi imeshaibwa kabla haijatangazwa, mambo mawili yatakupata.

Kwanza, utaacha kujiandaa. Intavyu yangu ya tatu niliulizwa, "Hii idara yetu inafanya nini hasa?" Nilitoa macho. Nikaishia kusema "kuhudumia wananchi." Hiyo haikuwa ukabila, haikuwa rushwa. Nilikuwa sijasoma. Mwaka mzima niliwaambia watu kwamba ile kazi ilikuwa ya mtu, na nilijificha nyuma ya hiyo stori kwa sababu ilikuwa laini kuliko ukweli.

Pili, utaanza kutafuta wa kuhonga. Na hapo ndipo matapeli wanakungoja. Kila msimu wa kuandika makurutu, KDF hutangaza kwamba zoezi ni bure. Na bado kuna familia zinauza ng'ombe kununua barua ya kuitwa jeshi. Kijana anafika kambini na sanduku lake jipya, barua inakaguliwa, inaonekana feki, na safari inaishia kwa seli. Ng'ombe zimeenda, kazi hakuna, na sasa una kesi. Anayekuuzia "nafasi ya uhakika" hana nafasi. Bidhaa yake ni hofu yako.

Kuna mlango wa nyuma wa halali

Wengi wetu tukikosa kazi tunaandika vibaya Facebook, tunalala. Lakini kuna hatua ambazo sheria imeshaweka, na hazihitaji wakili.

Moja: chini ya sheria ya kupata habari ya 2016, unaweza kuandikia ofisi ya umma kuuliza habari za huo uajiri, kwa mfano vigezo vilivyotumika. Wanafaa kukujibu ndani ya siku 21. Wakikunyamazia, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman.

Mbili: kama ni bodi ya kaunti iliyoajiri na una sababu ya kuamini taratibu zilivunjwa, kifungu cha 77 cha ile sheria ya kaunti kinakuruhusu kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Inaandikwa, na una siku 90 tangu uamuzi utolewe. Zikipita umechelewa, kwa hivyo usikae ukingoja hasira zipoe.

Tatu: tangu mabadiliko ya sheria ya ajira ya 2022, mwajiri hafai kukudai vyeti vya kukusafisha, kama kile cha tabia njema, kabla hajakupa ofa. Cheti cha tabia njema pekee ni shilingi 1,050. Ukiongeza nauli, saiba na chakula, intavyu moja inaweza kumeza ganji ya wiki nzima kwa msee aliyesota. Tangazo likidai kila kitu mapema, una haki ya kuuliza kwa nini.

Na lile swali la "baba yako ni nani"? Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kubagua mtu kwa kabila lake, na haisubiri uajiriwe kwanza. Siku ile sikujua. Ningejua, labda ningejibu kwa adabu, "Mheshimiwa, naomba tuangalie cheti changu kwanza." Labda bado ningekosa kazi. Lakini nisingetoka pale nikiwa nimejikunja.

Sikudanganyi kwamba rufaa itakupa kazi kesho. Mara nyingi haitakupa. Lakini bodi inayojua watu wanauliza itafikiria mara mbili kabla ya kucheza na orodha. Anayefuata kwa hiyo benchi anaweza kufaidika.

Na mkono usikae bure

Kuna shimo ambalo watu hawalizungumzii. Mpango wa serikali wa NYOTA unatoa shilingi 50,000 za kuanzisha biashara kwa vijana 70 kila wadi. Safi. Lakini umelenga walioishia kidato cha nne kurudi chini, wa miaka 18 hadi 29. Mwenye diploma au digrii ambaye hana hata mbao mfukoni hayumo. Kwa serikali amesoma sana kusaidiwa, kwa paneli hana uzoefu wa kutosha kuajiriwa. Wengi wetu tuko hapo katikati.

Hapo katikati, kitu kilichonisaidia mimi ni kazi ndogo, si ujumbe wa kutia moyo. Nilianza kushinda kwa saiba ya beshte yangu, nikijazia watu fomu na kupanga CV. Doo ni kidogo, siwezi kudai nimeomoka. Lakini intavyu ya sita walipouliza, "Sai unafanya nini?" nilikuwa na jibu la dakika tatu lisilo na uongo. Nilimaliza wa pili kati ya walioitwa. Nilijua hivyo kwa sababu niliandika nikauliza.

Tazama pia akina mama wa maziwa ya ngamia hapa town, wale wa ushirika wa Anolei. Maziwa yanatoka kwa mifugo ya mbali, yanakusanywa Isiolo, yanapanda basi hadi Eastleigh. Hakuna paneli iliyowaita. Walijua wateja wako wapi na wakajipanga kufika. Sisemi kila mwenye digrii akauze maziwa, na hiyo "jiajiri" isiwe kisingizio cha serikali kuacha kuajiri kwa haki. Nasema tu kwamba mkono unaofanya kazi unalinda akili inayosubiri.

Na ukiona hauli, haulali, unakwepa watu wiki baada ya wiki, tafuta wa kubonga naye. Beshte, imamu, padri, mhudumu wa afya wa mtaa, yeyote unayemwamini.

Baada ya ile ya sita nilirudi keja, mathe akauliza swali lake lile lile. Safari hii nilimwambia ukweli wote: nimekosa, nilikuwa wa pili, na zile za nyuma nilikuwa nakudanganya. Alinyamaza kidogo, akanimiminia chai. Kisha akasema, "Wa pili si mbali. Hiyo nyingine ni lini?"

Ni wiki ijayo, Nanyuki. Shati imeshafuliwa. Na hiyo idara yao, safari hii nimeisoma yote.