Hoja Hujibiwa kwa Hoja

Katika miji yetu kuna ugomvi unaozidi kukolea baina ya waumini na wakanamungu. Muumini humhesabu mkanamungu kuwa mtu asiye na kizuizi, awezaye kuiba na kuua kwa kuwa hana wa kumwogopa. Mkanamungu naye humwona muumini mjinga aliyekabidhi akili yake kwa shehe au mchungaji. Sikusudii kuamua hapa kama Mungu yupo au hayupo. Wenye elimu kubwa wamelijadili hilo karne nyingi na bado wanajadiliana. Ninaloshikilia ni jambo moja tu: dai la imani, liwe la kukubali au la kukana, hushindaniwa kwa hoja, na upande wowote unaokimbilia mkono wa dola ili kumnyamazisha mwenziwe hujidhuru wenyewe kwanza.

Tuanze na waumini, maana kwetu ndio wengi na ndio wenye nguvu. Februari 2016 chama cha wakanamungu wa Kenya kiliandikishwa kisheria. Miezi miwili baadaye usajili wake ukasimamishwa, kwa maelezo kwamba kuwapo kwake kungehatarisha amani ya nchi. Hakuna aliyekuwa amepigwa wala nyumba ya ibada iliyoguswa. Kosa lao lilikuwa kuwapo na kujitaja. Hayo yalitendeka chini ya Katiba ya 2010, ambayo ibara yake ya 8 inakataza dini ya dola na ya 32 inalinda dhamiri, dini na maoni ya kila mtu. Chama kilikwenda mahakamani, na kingali kipo. Nigeria mambo yalikuwa mazito zaidi. Mkanamungu Mubarak Bala alikamatwa Aprili 2020 kwa maandishi aliyoyaweka Facebook, na Aprili 2022 Mahakama Kuu ya Kano ikamhukumu kifungo cha miaka 24. Mei 2024 rufaa ilikipunguza kikawa miaka 5, akaachiwa mwanzoni mwa 2025. Je, imani ya nani iliongezeka kwa kifungo kile? Mwenye shaka alibaki na shaka yake, akazidi tu kuificha, na maneno ambayo yangesomwa na wachache yakapata wasomaji dunia nzima.

Mkanamungu naye asishangilie, kwani nyani haoni kundule. Enver Hoxha, mtawala wa kikomunisti wa Albania, alipofunga misikiti na makanisa yote ya nchi yake mwaka 1967, kisha akaitia marufuku hiyo katika katiba ya 1976, alitekeleza kwa vitendo yale ambayo baadhi ya wakanamungu huyatamani kwa maneno. Padri Shtjefën Kurti aliuawa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa kosa la kumbatiza mtoto. Kabla ya hapo, Desemba 1931, serikali ya Stalin ililipua kwa baruti Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi mjini Moscow. Matokeo yake nini? Novemba 1990, utawala ule wa Albania ukiwa bado haujaanguka, watu walimiminika Shkodër kusali hadharani, Wakristo na Waislamu. Na Moscow kanisa limejengwa upya palepale liliposimama. Nguvu yote ile haikumthibitishia mtu hata mmoja kwamba Mungu hayupo.

Sasa tutazame hoja ilipoachwa ijibiwe kwa hoja. Mwaka 1923 Godfrey Dale, mmishenari wa Kianglikana huko Zanzibar, alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili yenye maelezo ya kuupinga Uislamu. Wanazuoni wa pwani walichukizwa, na haki yao kuchukizwa. Lakini chuki yao waliigeuza kuwa kazi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa akiandika magazeti ya Kiswahili kuwaelimisha Waislamu wenzake, alianza kufasiri mwenyewe. Waahmadiyya, yaani jumuiya ya Ahmadiyya, wakatoa tafsiri yao mwaka 1953. Na mwaka 1969 ikatoka tafsiri kamili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy, iliyowajibu Waahmadiyya. Leo Mswahili anayesoma Kitabu chake kwa lugha yake anafaidi matunda ya ukosoaji uliomuudhi babu yake.

Atakuja mtu aseme: maneno ya kashfa huvuruga amani, na yaliyotokea kwenye msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, Februari 1998 ni ushahidi. Nakubali kwamba mihadhara ya dini ya siku zile ilijaa kejeli. Lakini hebu tukumbuke: watu hawakufa kwa maneno ya mhadhiri, walikufa kwa risasi za polisi baada ya mabishano ya dini kufanywa kazi yao. Anayewahimiza watu wachome nyumba ya ibada au wampige jirani ametenda jinai, na ashitakiwe. Anayesema kwamba kitabu fulani si neno la Mungu ametoa dai, na dai hudaiwa ushahidi. Mwingine atasema kwamba ukanamungu ni mgeni Afrika. Dini zetu mbili kubwa nazo zilikuja na wageni, wala hatuzikatai kwa sababu hiyo. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu 755,750 waliosema hawana dini. Hao ni watoto wa nchi, wanalipa kodi na kuzika jamaa zao pamoja nasi. Kama hawana kizuizi cha kuiba na kuua, mbona hatuwaoni wakiiba na kuua kuliko wengine?

Kwa hiyo naziusia pande zote mbili. Enyi wakanamungu, mnapoitaja Shakahola, msitu wa Kenya ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa kuanzia 2023, semeni kwa sauti. Lakini msiwahukumu kwa kosa lile mamilioni ya waumini walioshtuka kama ninyi, na someni vitabu vya watu kabla ya kuvicheka. Enyi waumini, Shakahola iwafundishe kwamba mhubiri asiyeulizwa swali ni hatari kwa waumini kabla ya kuwa hatari kwa mwingine yeyote. Waliokufa msituni walikuwa wenzenu katika imani, na laiti angepatikana mtu wa kuwaulizia maswali mapema, hata kama mtu huyo haamini chochote. Wafundisheni vijana wenu kujibu, kwa maana kijana aliyefundishwa kukasirika tu hatakuwa na la kusema siku atakapoulizwa na rafiki yake. Mwenye jibu na alitoe. Asiye nalo akalitafute, asimwite polisi.