Waranti ya gari la mtumba ipimwe kwa masika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wauza magari yaliyotumika wa hapa Moshi, hasa wale wanaotukabidhi karatasi ya waranti ya mwezi mmoja, "injini na giaboksi tu", kisha wanajihesabu wamemaliza kazi.

Mwezi wa pili, wakati vumbi la Pasua lilikuwa halijatulia hata asubuhi, nilinunua gari dogo la Kijapani katika yadi moja ya hapa mjini. Lilishatumika Dar es Salaam, namba D. Injini ilikuwa tulivu, rangi inang'aa, kapeti imeoshwa na kupuliziwa manukato. Masika yalipofika, ndani ya gari kukaanza kunuka kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa mvuani.

Fundi bodi wa huku kwetu Uru hakuhangaika sana. Alinyanyua zulia la buti, akatuonyesha tairi la akiba limekaa ndani ya maji. Akafungua taa ya nyuma upande wa kushoto. Raba inayotakiwa kukaa kati ya taa na bodi haikuwepo; mtu alikuwa amepaka silikoni kidogo, nayo imebanduka. Pembeni yake, chini ya rangi nzuri ile, kuna pata nene. Kwa hiyo gari lilishagongwa nyuma, likanyooshwa, likapigwa rangi, likaletwa Kaskazini kuuzwa. Aliyeniuzia hakunigusia hilo hata kwa mafumbo.

Wapo watakaosema maji kidogo kwenye buti si jambo la kuandikia gazeti. Hayaishii kwenye buti. Yanapita chini ya kapeti hadi kwenye viti, na chini ya viti ndiko zinakopita waya, zikiwemo za mifuko ya hewa ya kukukinga ukigonga. Sponji iliyo chini ya kapeti ikishalowa haikauki kwa kuacha madirisha wazi. Soketi zinaota kijani, bati la sakafu linaoza kuanzia ndani, na siku taa za dashibodi zitakapoanza kuwaka ovyo, fundi wa umeme atakutoza hela nyingi kutafuta ugonjwa ulioanzia kwenye kipande cha raba.

Nilirudi yadi. Adabu yao sina lawama nayo: "Shikamoo mama, karibu kiti, mletee mama soda." Kijana akavuta mpira wa maji, akalimwagia gari dakika chache, akafungua buti. Pakavu. "Mama, gari lako zima kabisa."

Yadi yao ni tambarare, Mhariri. Sisi wa mlimani tunaegesha gari pua ikiwa juu na mkia bondeni, kwa sababu viwanja vyetu ndivyo vilivyo. Maji yote ya paa yanarudi nyuma, yanashuka palepale kwenye taa. Tena Moshi mjini hupata kama milimita 900 za mvua kwa mwaka. Ukipanda miteremko ya kusini kuelekea msituni, mvua hupita milimita 2,000. Nikamwomba mwenye yadi anyanyue pua ya gari kwa jeki, kisha arudie kumwaga maji. Akacheka, akaniambia wao wanauza magari, hawauzi miavuli. Baada ya hapo simu zangu zikawa zinapokelewa na kijana wa getini.

Anachoegemea mwenye yadi ni sentensi moja ya mkataba: gari limeuzwa kama lilivyo. Lakini Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa. Inamwondolea wajibu huo pale mnunuzi alipokikagua kitu na kasoro ikawa ya kuonekana kwa ukaguzi huo. Nami nauliza, ni ukaguzi gani wa mnunuzi, mwezi wa pili, juani, ungeonyesha raba iliyokosekana nyuma ya taa iliyofungwa kwa skrubu?

Serikali nayo inatukagulia mambo mengine. Aprili 2021 Shirika la Viwango (TBS) lilianza kukagua magari yaliyotumika yanapofika hapa nchini, na hiyo ni kazi njema, ila inahusu gari linaloingia. Likigongwa Mbagala mwaka unaofuata, ukaguzi ule haulijui. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama nayo haikuwekwa kwa ajili ya kutafuta pata chini ya rangi.

Ndiyo maana nasema waranti ya mwezi mmoja inayotolewa Februari ni waranti ya jua. Huku kwetu ipimwe kwa masika: gari lililouzwa kiangazi liwe mikononi mwa muuzaji, kwa upande wa kuvuja, mpaka mvua za Machi hadi Mei zipite. Na ajali iliyorekebishwa iandikwe kwenye mkataba, muuzaji aweke sahihi yake. Tume ya Ushindani hupitia mikataba ya walaji inayoandaliwa na upande mmoja. Iombe na hii ya mayadi ya Moshi, isome hiyo "kama lilivyo" ina maana gani kwa mtu aliyefichwa lilivyokuwa.

Kwa mwenye yadi, dai langu halijabadilika: raba mpya ya taa, sponji na kapeti vitolewe vikaushwe, soketi zisafishwe, bati likwanguliwe kutu. Gharama yake ni ndogo kuliko faida aliyopata kwangu. Malalamiko yangu kwa Tume yameshaandikwa, pamoja na picha za fundi, na yatapelekwa mwisho wa mwezi huu kama gari litakuwa bado halijapokelewa.

Mama wa Uru,
Moshi.
(Jina na anwani tunavyo – Mhariri)