Anwani ya Intaneti Si Jina la Mtu

Mwishoni mwa Oktoba 2024, watu wanaojitolea kuendesha vituo vya Tor, mtandao unaoficha mtumaji na anakotoka, walianza kupokea barua kutoka kwa kampuni zinazowapangisha seva. Lalamiko lilikuwa moja: anwani zenu zinagonga milango ya kompyuta za watu, hasa mlango namba 22, ambao mafundi huutumia kuendesha seva kutoka mbali. Baadhi ya vituo vilizimwa kwa muda. Uchunguzi ulibaini kwamba havikugonga popote. Mtu alituma pakiti kutoka kwingine akizibandika anwani za vituo hivyo, mithili ya barua ya matusi iliyoandikwa jina la jirani kwenye bahasha. Chanzo kilizimwa tarehe 7 Novemba.

Kisa hiki kinatuhusu. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya intaneti kwa wakati mmoja, maana anwani za mfumo wa zamani ni haba. Mwanafunzi wa Kibaha na mkulima wa mihogo wa Kisarawe wanaweza kuonekana ughaibuni kama mtu mmoja. Lalamiko lenye anwani tupu halimtambulishi yeyote kati yao.

Hofu yangu ni kwamba tumezoea kumshuku anayejificha kabla ya kumtafuta aliyetenda. Desemba 2016, Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa, akashtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa kutotoa taarifa za wachangiaji wake. Oktoba 2023, TCRA iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Mtumishi anayefichua ubadhirifu katika halmashauri yake hupita njia ileile anayopita mwizi, hilo halikwepeki. (Kugonga mlango nako si kuuvunja, ingawa mwizi naye huanza kwa kugonga.)

Ofisa wa TEHAMA anayepokea lalamiko la namna hii na amtake mlalamikaji saa kamili, namba ya mlango wa upande wa mtumaji, na uthibitisho kwamba mawasiliano ya pande mbili yalikamilika. Pakiti ya kughushi kwa kawaida haifiki hapo, kwani jibu huenda kwa mwenye anwani, ambaye hakuuliza kitu. Ikiwa ushahidi wote ni hodi ya kwanza tu, asimzimie mtu huduma, wala asipeleke jina lake polisi.