Mji Mkongwe Unapangishwa kwa Usiku, Sisi Tupange Wapi?



Si kawaida yangu kuandika. Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni kuzunguka na begi la dawa majumbani mwa wazee wa Stockholm, na nikirudi kwangu Bredäng ninakuwa hoi, sina hamu ya siasa. Lakini mwezi uliopita nililetewa picha katika simu ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani. Picha ya chumba. Kitanda cha semadari, chandarua cheupe, shuka limemwagiwa maua mekundu, dirisha la mbao limefunguliwa nusu. Dola 70 kwa usiku mmoja, chai ya asubuhi inanywewa juu ya paa. Lile dirisha nililitambua kabla sijasoma ni mtaa gani. Ubao wa chini upande wa kushoto una mchoro wa kisu, niliuchora mimi nikiwa na miaka minane na nikachapwa kwa ajili yake. Kile ni chumba cha mama yangu.

Mama alipanga vyumba viwili katika nyumba ile ya Sokomuhogo tangu 1989 mpaka 2024. Mwishoni alikuwa akilipa shilingi 60,000 kwa mwezi, na risiti zote zimo katika bati la biskuti. Piga hesabu mwenyewe: mtalii analala usiku mmoja kwa pesa zinazokaribia kodi ya miezi mitatu ya mama. Mwenye nyumba alifariki, warithi wako Muscat, Dubai na London, wakaona bora wauze wagawane, na mnunuzi akampa mama miezi mitatu ahame. Mkataba wa maandishi haukuwapo. Miaka 35 ya kupanga, na alichokuwa nacho mkononi ni bati la biskuti.

Sasa yuko Fuoni kwa khalati yangu. Nyumba nzuri, ya matofali, ina ua na mwembe. Kila nikipiga simu ananambia hajambo, hana analokosa. Lakini mimi nimesomea kusikiliza sauti za wagonjwa. Pale Sokomuhogo mama alikuwa anashuka ngazi kila asubuhi kufuata mkate, anakaa barzani kwa jirani, anapita Jaws Corner akiwasikiliza wanaume wanavyobishana kuhusu uchaguzi, anakwenda Mnazi Mmoja kupimwa presha kwa miguu yake. Ikifika saa tatu mlango wake haujafunguliwa, kuna mtu atagonga. Fuoni ili afike popote anangoja daladala, kwa hiyo haendi. Anakaa. Mtu wa miaka 71 mwenye presha akianza kukaa kitako kutwa, sisi tunaofanya kazi hii tunajua mwisho wake, na sitaki kuuandika.

Mtaniambia: wewe unaishi Ulaya, unataka mama yako apewe nyumba ya mjini bure? La. Naomba msinielewe vibaya. Ngojeni niwaeleze ninapoishi.

Bredäng ni kitongoji cha kusini magharibi mwa Stockholm, kilijengwa miaka ya 1960 wakati watu wa hapa hawana pa kulala. Maghorofa marefu ya zege yamepangwa safu safu, nyuma yake msitu, chini kidogo ziwa Mälaren. Aliyekulia Unguja akishuka kituoni mara ya kwanza atasema, ala, Michenzani hii! Na hakosei sana. Miaka hiyo hiyo ambayo Mzee Karume alikuwa akijenga maghorofa ya Michenzani kwa msaada wa Wajerumani Mashariki, Waswidi nao walikuwa wanamimina zege, na katikati ya mji wao walikuwa wanavunja mitaa mizima ya kale ya Klara ili wajenge maofisi na maduka. Mpaka leo kuna wazee wanaoisikitikia Klara.

Kwa treni kutoka kwangu mpaka Gamla stan, yaani mji mkongwe wao, ni vituo kumi bila kubadilisha treni. Vichochoro vyembamba, kuta nene, milango mizito, watalii na kamera. Mara ya kwanza nilipopita pale, mwaka 2012, nililia. Nikajiwekea nia siku moja nitapanga chumba kule.

Sijapanga, wala sitapanga. Hapa nyumba nyingi za kupanga hutolewa kwa foleni ya jiji, ofisi inaitwa Bostadsförmedlingen. Unajiandikisha ukifika miaka 18, unalipa ada kila mwaka, na kila siku inayopita unahesabiwa siku moja. Mama mmoja wa Kisomali alinambia wiki yangu ya pili tu, jiandikishe leo, usingoje upate kazi. Mungu amjaalie kheri. Foleni ina watu zaidi ya laki saba, na kwa nyumba za katikati ya mji watu hungoja zaidi ya miaka 15. Mimi nilipata Bredäng mwaka 2021, baada ya miaka tisa. Na ukishapata nyumba siku zako zinafutwa, unarudi sifuri. Nikianza kuingojea Gamla stan leo, nitaipata nikiwa nakaribia pensheni.

Kwa hiyo sikuja kuwasifia Waswidi. Katika ile miaka tisa nilihama mara sita, nikipanga kwa watu waliopanga kwa watu wengine, safari moja nililala katika chumba kilichokuwa stoo. Kilemba pia kipo hapa, msidhani ni ufundi wetu peke yetu. Mikataba ya nyumba huuzwa chini ya meza, mpaka mwaka 2019 wakatunga sheria kwamba hata anayenunua ni mhalifu, si muuzaji tu. Na nyumba nyingi za kupanga za katikati ya mji, zilizokuwa mali ya jiji, ziliuzwa kwa wapangaji wenyewe katika miaka ya mwisho ya 1990 na ile ya 2000. Waliokuwamo wakatajirika, sisi tuliochelewa tukapelekwa mwisho wa reli.

Lakini kuna jambo moja nimeliona kwa macho yangu katika kazi yangu. Jiji lina kampuni yake iitwayo Stadsholmen, iliyoanzishwa 1936, wakati Gamla stan ilikuwa mtaa wa kimaskini, chafu, imejaa watu, na wakubwa wengine wanasema ibomolewe. Kazi ya kampuni hiyo ni kumiliki majumba ya kale, kuyatengeneza na kuyapangisha. Na nyumba za kukaa zinapopatikana zinapita katika foleni ile ile niliyosimama mimi. Ninaingia katika majumba ya karne ya 18 pale Södermalm, ngazi zimepinda, lifti hakuna, na humo namkuta mzee aliyefanya kazi ya kushona au kuendesha basi, hana jina kubwa, hana mjomba serikalini, ana mkataba tu. Kodi yake haipangwi na dalali, ni ya makubaliano baina ya chama cha wapangaji na wenye majumba. Paa likivuja anayelitengeneza ni mwenye nyumba, kwa sababu hesabu ya matengenezo imo ndani ya kodi. Wakigombana liko baraza la kodi la kuwaamua. Ukitaka kumtoa mzee yule uweke watalii, utahitaji sababu ambayo sheria inaikubali, na pesa peke yake si sababu.

Na jambo hili kwao ni siasa hasa. Juni 2021 Waziri Mkuu Stefan Löfven alipigiwa kura ya kutokuwa na imani naye bungeni, akawa wa kwanza katika historia ya Sweden kuangushwa hivyo. Kilichoanzisha ni mpango wa kuacha kodi za nyumba mpya zifuate soko. Serikali ilianguka kwa kodi ya nyumba! Mimi katika kampeni zote za kwetu nilizozifuatilia, nimesikia muungano, karafuu, bandari, mafuta, umeme. Mgombea wa chama chochote aliyesimama jukwaani akazungumzia mpangaji wa Mji Mkongwe, sijamsikia.

Turudi kwetu basi. Wengine wanadhani kuharibika kwa Mji Mkongwe kumeletwa na watalii. Si kweli. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi yalichukuliwa na serikali, wakatiwa humo watu kutoka shamba na kutoka Pemba, na kodi ikawa ya kutupa. Wazo halikuwa baya, maskini naye alale penye dari ya boriti. Lakini kodi ile haikuweza kununua hata pipa la chokaa. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, adui yake ni maji. Paa likipasuka na lisizibwe masika moja, ya pili yanafika kwenye boriti, ya tatu ukuta unafura. Wengine wakaziba kwa saruji, maji yakafungiwa ndani, ikawa mbaya zaidi. Majumba yakaanguka moja moja, kimya kimya, ukipita unaona pengo na mbuzi wanakula majani. Mpaka siku ya Krismasi ya 2020 ilipoporomoka sehemu ya Beit al-Ajaib yenyewe na watu wawili wakafa, ndipo dunia ikashtuka.

Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa 1985, UNESCO wakatutia katika urithi wa dunia mwaka 2000. Tukashangilia. Kuanzia hapo kila jiwe lina thamani, isipokuwa aliyekaa juu yake. Mambo Msiige, zilimokuwa ofisi za serikali, tangu 2015 ni hoteli ya kimataifa. Watalii walioingia Zanzibar mwaka 2024 walipita laki saba. Wote hao wanataka kulala penye mlango wa nakshi, na mimi siwalaumu, hata mimi ningetaka.

Wa kulaumiwa wa kwanza nitaanza na sisi wenyewe. Tunapiga kelele humu kwamba wageni wanatunyang'anya mji, lakini walioiuza ile nyumba ya mama ni watoto wa mjini, tena wa diaspora. Na bado. Wiki ile ile niliyoletewa picha, mtoto wa khalati yangu aliyeko Toronto aliniandikia: kuna nyumba Kajificheni, warithi wanauza, tuchange watu wanne, tuipake rangi, tuwawekee watalii, miaka sita pesa imerudi. Akanitumia hesabu, safi kabisa. Humo ndani kuna wapangaji, familia tatu. Katika hesabu yake wameandikwa mstari mmoja, chini ya gharama za mwanzo.

Nitasema ukweli: niliisoma hesabu ile mara mbili, na nikafungua akaunti yangu kuangalia nina kiasi gani.

Ninachokitaka si maajabu. Serikali bado ina majumba mjini, na Wakfu wana majumba mengi, ambayo baadhi yake wenyewe waliyaacha kwa wosia ili maskini wapate pa kukaa. Iandikwe orodha ya majumba hayo na ibandikwe hadharani: nyumba gani, iko mtaa gani, nani kapanga, analipa ngapi. Vikiwa wazi vyumba, vipewe watu kwa tarehe waliyojiandikisha. Kodi ipande, ndiyo, ipande mpaka itoshe chokaa na boriti, na anayeipokea atengeneze paa au afikishwe mbele ya mtu wa kumuuliza. Mpangaji mwenye maisha duni asaidiwe kwa mlango mwingine, asisaidiwe kwa kuachiwa nyumba imwangukie. Na nyumba inayokaliwa na watu isigeuzwe ya wageni bila kibali kinachouliza waliomo wanakwenda wapi. Lamu na Mombasa Mji wa Kale nao wana maradhi haya haya, tungeweza hata kuwa daktari wao.

Nilimsomea mama haya kwa simu kabla sijayatuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hiyo foleni, mwanangu, nani atakayesimama pale kuangalia watu wasiruke?"

Nikamwambia hapa inaonekana na kila mtu, nyumba ikitolewa unaweza kuona aliyeipata alingoja muda gani.

"Basi waanze na hilo," akasema. "Waandike ukutani pale Darajani, tusome sote." Halafu akanambia Ijumaa atachukua daladala aende mjini, kuna msiba Sokomuhogo, na atapata kukaa barzani mpaka Magharibi.

Yule wa Toronto bado sijamjibu.