Tukishaweka Maua, Februari 28 Tunafanya Nini?

Makamanda, kila Februari 27 magari ya viongozi yanajaa Songea. Maua yanawekwa pale Makumbusho ya Maji Maji, hotuba zinasomwa, jioni kila mtu anarudi kwake. Sisi wa Lizaboni tunabaki na mji wetu, na mimi nabaki na swali: kesho yake nani anaendeleza kazi ya Nduna Songea Mbano?

Tukumbushane. Vita ya Maji Maji ilianza 1905 kwa sababu watu walichoka kulimishwa pamba kwa nguvu, kutozwa kodi na kuchapwa viboko. Wajerumani walijibu kwa risasi, kisha wakachoma mashamba na maghala. Wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba walikufa hadi watu 300,000, wengi wao kwa njaa. Mwaka 1906 Nduna Songea na wenzake zaidi ya 60 wakanyongwa hapa hapa.

Hawakuishia hapo. Mafuvu ya Waafrika yalisafirishwa hadi Berlin yakapimwe, ili "wasomi" wapate kuthibitisha kwamba mtu mweusi ni wa daraja la chini. Ubaguzi wa rangi ulivalishwa joho la sayansi. Inaaminika kichwa cha Nduna nacho kilipelekwa Ujerumani.

Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu hilo. Sawa, tumesikia. Lakini ahadi isiyofuatiliwa huwa porojo. Serikali yetu iweke wazi: imeomba mabaki gani, kwa barua ipi, na ratiba ni ipi? Wabunge waulize. Familia zina haki ya kuzika watu wao.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo panauma. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi, na inataja kabila, rangi na maoni ya kisiasa katika sentensi moja. Yaani anayemnyima mtu huduma kwa sababu ya kadi ya chama anavunja ibara ile ile inayomlinda mtu mweusi. Hatuwezi kudai nusu ya ibara.

Kwenye ajira, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamkataza mwajiri kubagua kwa rangi, utaifa au kabila. Ukibaguliwa kazini, usiishie kulalamika kijiweni. Tunza mkataba, salary slip na meseji, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kufungua shauri. Migogoro mingine siku 60. Wengi wanapoteza haki kwa kuchelewa, sio kwa kukosa hoja.

Na sisi wenyewe tujiangalie. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp mpinzani anatukanwa kwa weusi wake au kabila lake, watu wanaweka emoji za kucheka. Binti anaambiwa hapendezi mpaka apake mkorogo. Kipimo kile cha Berlin bado tunacho mikononi, tunapimana wenyewe kwa wenyewe.

Napendekeza kila tawi la vijana Songea liwe na watu wawili wanaojua sheria hizi, wa kumsindikiza mwenzao anapobaguliwa. Na kila admin afute tusi la rangi hata kama limeandikwa na kamanda mwenzetu. Tuanze wiki hii, tusisubiri Februari.