Mkono unaochambua ndagala unastahili malipo

Ukifika ufukweni Gitaza, hapa Muhuta, asubuhi baada ya usiku wa giza, utawakuta kina mama wameinamia mabeseni. Ndagala, ambao ndugu zetu wa Kigoma huwaita dagaa, wamemwagwa pamoja na mikeke michanga na takataka za ziwani. Mikono inakwenda mbio: wadogo huku, wakubwa kule, walioharibika pembeni. Mwisho wa kazi mama hupewa ujira mdogo, na mzazi humtisha mtoto mvivu kwa kusema: "Usiposoma utaishia kuchambua ndagala."

Ndugu msomaji, hata mimi mwalimu nimewahi kuyatamka maneno hayo darasani. Leo nayafuta.

Kazi hiyo tunayoidharau imewatoa jasho mainjinia wa nchi tajiri kwa miaka mingi. Mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Lakini mwaka 2015, kampuni ya Amazon ilipoandaa shindano la roboti za kuokota bidhaa kutoka rafuni, mjini Seattle, timu iliyoshinda, ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, iliokota vitu 10 kati ya 12 kwa dakika 20. Mama wa Gitaza angecheka.

Ugumu uko wapi? Vitu vikirundikwa ovyo, kamera huona vya juu tu. Ukitoa kimoja, vingine huporomoka na rundo linabadilika sura. Kitu kinachong'aa au cha plastiki angavu huidanganya kamera, na mara nyingine viwili hunaswa pamoja. Ndiyo maana roboti nyingi hufundishwa kuanza na kile kilicho rahisi kushika, kukitoa, kisha kutazama upya. Mwaka 2017 kundi la Profesa Ken Goldberg, huko Berkeley, Marekani, liliifunza kompyuta kwa mamilioni ya picha zilizotengenezwa na kompyuta yenyewe, ili ijue mahali pa kushika. Mama wa Gitaza hufuata utaratibu huo huo wa kuanza na cha juu, ila yeye huongeza vidole vinavyojua samaki aliyelegea na pua inayojua aliyeoza.

Kuna watakaosema kwamba roboti haitafika Muhuta leo wala kesho, kwa hiyo habari hii haituhusu. Mimi naona inatuhusu. Imetuonyesha kwamba kuchambua ni kazi ya akili, ingawa tunailipa kama kazi ya mtu asiye na akili. Wafanyabiashara wa mpakani mnalijua hili kuliko mimi. Ndagala waliochanganyika na mchanga hupunguziwa bei, na waliochambuliwa vizuri hununuliwa haraka. Anayefungua robota la mitumba naye anajua kwamba faida yake iko katika kutenga nguo za daraja la kwanza na za daraja la pili. Faida hiyo hutokana na mkono wa mchambuzi. Basi alipwe kwa kiasi na ubora wa alichochambua, na malipo yapatanwe kabla beseni halijamwagwa. Asipewe mabaki baada ya mali kuvushwa.

Sisemi watoto waache shule wakae ufukweni. La hasha! Roboti nazo zinaendelea kujifunza; mwaka 2022 Amazon ilionyesha mkono uitwao Sparrow, uliotengenezwa kushika bidhaa za aina nyingi sana, moja moja. Anayejua kuchambua peke yake anaweza siku moja kuachwa nyuma. Anayejua kuchambua, kupima kwa mizani, kuandika hesabu na kusoma bei za Kigoma na Bujumbura, huyo ni vigumu kumwacha. Sisi walimu tunaweza kufundisha sehemu na asilimia kwa beseni la ndagala, badala ya kulifanya fimbo ya kutishia watoto. Wengi wetu tuliorudi kutoka kambi za Tanzania tulikuja na mikono yetu tu, na tunajua thamani yake.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Huu wa mama mchambuzi umejaa kila asubuhi, na sisi ndio tunaoulamba. Tuulipe.