Idadi ya Watu Chomboni

Matajiri huzunguka Unguja, Pemba na Mafia kwa vyombo vya anasa, wageni wachache tu katika kila chombo. Vyakula vyao tusivitamani. La kutamani ni hiyo idadi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Viktoria. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Basi sisi wa Lubutu, tupandapo mashua Ubundu kwenda Kindu kwa mto Lualaba, tuwahesabu watu kabla ya kulipa nauli. Ikijaa kupita kiasi, tushuke pamoja na watoto wetu. Afadhali kulala Ubundu siku tatu zaidi kuliko kuacha yatima nyumbani.